Jiwe la Dorothée katikati ya Shari

Mto Shari ukishaiacha Bunia nyuma, unafika mahali unagawanyika mikono miwili, kisha mikono hiyo inakutana tena chini kidogo, kwenye matete. Katikati yake kuna kisiwa. Si kikubwa. Mtu akisimama upande mmoja akamwita mwenzake wa upande wa pili, anaitikiwa. Kiangazi unavuka ukiwa umekunja nguo hadi magotini. Wakati wa mvua unapita juu ya magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Kwa miaka mingi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kazi huko. Anaitwa Dorothée, na habari yake ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mimi ni Elodie, mshonaji, nakaa Bigo. Dorothée nilimjua kwanza kama watu wengine wanavyomjua: mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzito, anayeleta mboga za lengalenga na vitunguu sokoni, na ambaye hadanganyiki kwa maneno matamu. Kwao ni upande wa Gety. Alifika Bunia wakati wa vita, akiwa na mama mkwe wake, mama Angélique, na bila mume wake. Walikaa katika kambi ya wakimbizi, baadaye wakapata nyumba ndogo ya udongo mwisho wa mtaa. Mwenye kisiwa, mzee aliyechoka kupigana na maji, akamruhusu alime. Udongo ulikuwa mweusi na laini, na hakuna mbuzi aliyeweza kuvuka kuja kuharibu.

Klabu yetu ya kuangalia nyota ilianzia darasani. Hubert, mwalimu wa fizikia, alipewa darubini na shule moja ya Kampala iliyokuwa imepata mpya, akaileta kwa basi ikiwa imeviringishwa katika blanketi. Ilikuwa bomba nene jeupe, lenye kimo cha mtoto wa shule, na chini yake kioo cha mviringo, kipana kama sahani ya bugali. Tulianza watu wachache. Akaja Rachidi, mtu aliyechimba dhahabu Mongbwalu mpaka kifua kikamkatalia, na ambaye sasa anachomelea milango ya vyuma. Rachidi alikuwa na sababu yake: alichoka kubishana msikitini kila mwaka kama mwezi wa Ramadhani umeonekana au haujaonekana. Nami nilikuja kwa sababu Hubert alitaka mtu wa kumshonea kifuniko cha turubai, na nilipokipeleka aliniambia nichungulie kidogo kabla sijaondoka. Sijaondoka mpaka leo.

Tuliangalia nyota katika uwanja wa shule, lakini shida hazikuisha. Kulikuwa na taa za maduka, vumbi la pikipiki, na majirani waliouliza bomba lile linalenga wapi. Katika mji wetu, bomba lililoelekezwa juu ya nyumba za watu si jambo la kuchekelea. Hubert akasema tunahitaji mahali ambapo hakuna mtu anayepita kwa bahati tu. Rachidi ndiye aliyetaja kisiwa.

Tulimkuta Dorothée akipalilia. Hakuinua mgongo.

"Bonjour, mama," Hubert akasema.

"Bonjour. Munakanyaga vitunguu."

Tukarudi nyuma. Hubert akaeleza habari ya klabu, nyota, na kujenga kanyumba kadogo. Dorothée alimsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mpini wa jembe, kisha akauliza, "Weye uko mutu wa wapi?"

Hubert akataja kijiji cha baba yake. Ni upande wa wafugaji, juu kule. Mtu wa Bunia akisikia Gety upande mmoja na kijiji kile upande wa pili, hana haja ya kuelezwa zaidi: ni pande zilizopigana katika vita ile.

"Nilishaacha shamba moja," Dorothée akasema. "Hii siachi."

"Hatutaki shamba, mama. Tunatafuta tu fasi ya kusimamisha teleskope."

"Fasi ndiyo shamba. Muende tu."

Tukaenda. Mimi nilidhani imekwisha, lakini Rachidi alirudi peke yake siku nyingine, akiwa ametia sukari na majani ya chai mfukoni. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi wengine hatukukiona: katikati ya kisiwa kuna jiwe kubwa, limelala bapa kama meza, na juu yake haioti hata nyasi.

"Mama, hapa juu ya jiwe unalima nini?" akamuuliza.

"Jiwe unailima namna gani? Naanikaga maharagi."

"Mchana?"

"Weye unaanikaga yako usiku?"

"Basi siye tuko na haja yake jua ikishaingia. Mchana iko yako. Na ile nyumba tutaitia mulango wa chuma. Jembe yako haitalala tena mu mvua."

Rachidi anasema Dorothée alicheka kidogo tu, puani. Lakini kesho yake, alipofika sokoni, Dorothée aliniambia mimi, "Muambie yule muchimbaji aje apime jiwe."

Tulijenga kwa mbao na mabati. Rachidi alitengeneza paa lenye magurudumu linalopita juu ya vyuma viwili, ukilisukuma linaondoka lote na kuacha nyumba wazi kwa mbingu. Lilikuwa linanguruma kama ngurumo ya kweli, hata watu wa ng'ambo walidhani mvua inakuja. Wakaliita jengo letu nyumba ya nyota. Dorothée alitundika majembe yake ukutani, akaweka beseni lake pembeni. Ila jua lilipoanza kuteremka alifunga mzigo akavuka kurudi nyumbani. Sisi tulikutana naye njiani, yeye akienda, sisi tukija. Hubert alimkaribisha mara nyingi. Alijibu kila mara kwamba ana kazi nyumbani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa nyota. Kilikuwa jua.

Hubert alikuwa na darubini nyingine, ndogo, nyembamba kama paja la kuku, ambayo aliitumia mchana. Hii hatutii jicho. Unaielekeza kwenye jua kwa kuangalia kivuli chake, halafu mwanga unatokea nyuma na kuanguka juu ya kitu cheupe. Siku hiyo alikuwa amesahau karatasi. Dorothée alikuwa amekaa akichambua maharagi, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe.

"Mama, niazime kitambaa kidogo."

Alikivua akakishika mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Na jua likaja likatua pale: duara jeupe, kamili, ukubwa wa kiganja. Juu yake kulikuwa na vidoa vyeusi, kimoja peke yake na vingine vimekaa kwa kundi.

"Iko chafu," akasema.

"Haiko chafu. Ile ni madoa ya jua. Hii moja unaona ndogo, dunia yetu yote ingetumbukia ndani na fasi ingebaki."

Alikitingisha kitambaa. Madoa hayakutoka. Alikigeuza, akaleta upande mwingine. Madoa yalikuwa pale pale. Kisha akaona kwamba duara linaondoka. Lilikuwa linateleza polepole kuelekea pindo la kitambaa, bila mtu kuigusa darubini.

"Inaenda," akasema.

"Jua haiendi, mama. Ni siye. Dunia inazunguka, inatubeba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na hii jiwe, na mto, na Bunia yote."

Dorothée alikaa chini juu ya jiwe. Aliweka viganja vyake viwili juu yake, vidole vimepanuka, kama unavyomgusa ng'ombe kujua kama anapumua. Jua lilikuwa limeshatoka kwenye kitambaa. Hakukirudisha kichwani.

Baada ya siku ile alianza kuchelewa kurudi. Hubert akamwachia darubini ndogo, akamfundisha sharti moja, kwamba jicho lisikaribie kamwe, na kila siku yenye jua Dorothée alitandika kitambaa chake akaangalia madoa yamesogea wapi. Wanawake waliokuja kununua mboga shambani aliwaonyesha. Hakuwaeleza mengi. Alisema tu, "Angalieni," halafu aliwatazama wao badala ya kulitazama jua.

Jioni moja Rachidi alikuja mapema, pamoja nami, kutafuta mwezi mwandamo. Mbingu ya magharibi ilikuwa safi, rangi ya ndizi mbivu. Dorothée alikuwa anaosha miguu mtoni, akachelewa kwa makusudi au bila makusudi, sijui. Rachidi aliuona mwezi kwanza kwa darubini, mwembamba kama ukucha, akamwita.

Aliweka jicho. Nilimwona akishika ukingo wa mbao.

"Iko na milima," akasema baadaye.

"Ndiyo," Rachidi akamjibu. "Na mashimo. Mimi siku ya kwanza nilisema, na huku wachimbaji walishafika."

"Ndiyo hii hii inajaaga? Ile mukubwa?"

"Ndiyo hii hii."

Akaondoka kwenye darubini, akakaa karibu yangu. Rachidi alikuwa amewasha jiko dogo la makaa kwa ajili ya chai. Ndipo Dorothée akatuambia jambo ambalo, katika miaka yote ya kumnunulia vitunguu, sikuwahi kulisikia.

"Ile siku ya kukimbia," akasema, "mwezi ilikuwa imejaa. Tulitembea mu matete, mimi, bwana yangu Christian, na mama yake. Tukafika fasi ya kilima, haiko muti, haiko nyumba. Ile mwezi ikatuonyesha sawa vile mchana. Watu wakatuona. Christian akaniambia, shika mama, mupite chini, mimi nitapita huku. Alivaa shati nyeupe. Niliona ile shati inapanda, inapanda. Kisha sikuiona tena."

Rachidi alimimina chai, akampa kikombe cha kwanza.

"Mwezi ikijaa," Dorothée akasema, "mimi nafunga dirisha."

Tulikunywa chai mpaka ukucha ule ukashuka nyuma ya mikaratusi, kisha Rachidi na mimi tukamsindikiza hadi mlangoni kwake.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka jana, askari walipofika kisiwani. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba kuna bomba kubwa limefichwa katikati ya mto, na linaelekezwa mjini. Walikuja asubuhi. Hubert alikuwa darasani, Rachidi karakanani. Dorothée alikuwa peke yake na lengalenga yake. Aliniambia kwamba alipoona buti zinavuka yale magogo, alibaki ameshika jembe kwa mikono miwili.

Kapteni wao alikuwa kijana wa Kasai, jina lake Mbuyi. Alifungua nyumba, akalitazama lile bomba jeupe chini ya turubai yangu, akatoka nje uso umekaza.

"Mama, oyo ezali nini?" akauliza kwa Kilingala. "Ni mortier, mzinga wa mabomu?"

"Haiko ya kupiga watu, mon capitaine. Iko ya kuangalia."

"Kuangalia nani?"

Aliona kwamba maneno hayatamsaidia. Akaenda akaileta darubini ndogo, akaiweka juu ya miguu yake, akaielekeza kwenye jua kwa kivuli, kama alivyofanya kila siku. Kapteni, aliyedhani amekwisha kuelewa, aliinama haraka kutia jicho.

Dorothée akamsukuma uso kwa mkono wake wote.

Askari wawili waliinua bunduki. Kapteni alirudi nyuma, kofia imemwanguka, mkono umekwenda kiunoni. Na Dorothée, mtu aliyekimbia wenye bunduki nusu ya maisha yake, alibaki amesimama kati yake na darubini, mkono bado uko juu.

"Ingekutoboa jicho," akasema. "Ungekuwa kipofu hapa hapa. Ungojee."

Akavua kitambaa chake akakitandaza. Jua likaja likatua. Siku hiyo lilikuwa na madoa mengi, yamejipanga karibu na kiuno chake kama shanga.

Kapteni Mbuyi aliangalia kitambaa, akaangalia juu, akaangalia kitambaa tena. Akaokota kofia yake lakini hakuivaa.

"Jua iko na vidonda?" akauliza.

"Ni madoa. Hii ndogo inameza dunia muzima."

Aliwaita askari wake mmoja mmoja. Walikuja wameweka bunduki mgongoni, wakainama juu ya kitambaa cha mwanamke wa Gety, na Dorothée akawaambia wangoje waone jua linavyoondoka lenyewe. Walingoja. Lilipofika pindoni likapotea, mmoja wao alipepesuka kidogo akatafuta kitu cha kushika.

Kapteni alirudi jioni ile kuonana na Hubert. Walizungumza muda mrefu. Hubert alimwambia juu ya kupatwa kwa mwezi, kwamba katika mwezi wa tisa, siku ya dimanche, yaani Jumapili, mwezi utaingia gizani mapema jioni, wakati hata watoto hawajalala, na kwamba angependa watu waje waone bila kuogopa patruli ya askari. Kapteni aliahidi kuipeleka habari hiyo kwa wakubwa wake. Ruhusa ilipatikana, mpaka vingt-deux heures, saa nne ya usiku.

Lakini habari nyingine nayo ilikuwa inatembea kwenye simu za watu. Walisema mwezi utageuka damu, kwamba ni ishara, kwamba vita vitarudi. Kambini watu walianza kukunja virago. Mama Angélique alisema waziwazi kwamba hatatoka nje. "Damu tulishaona," akasema. "Sina haja ya kuitafuta mbinguni."

Dorothée alimfuata Hubert kisiwani akamuuliza, "Nani anaificha mwezi?"

Hubert alichukua kitunguu kutoka tutani na punje moja ya haragi. Akawasha tochi ya simu, akaiweka juu ya jiwe. "Hii tochi ni jua. Kitunguu ni siye, dunia. Haragi ni mwezi." Akaipitisha haragi nyuma ya kitunguu, polepole, ikaingia kwenye kivuli.

"Kivuli ya kitunguu," Dorothée akasema.

"Yetu, ndiyo."

"Yetu siye nani?"

Hubert alifikiri. "Ya wote. Gety, kwetu, Nyankunde, Kampala. Kivuli haigawanyike."

Alikichukua kile kitunguu na ile haragi, akavifunga katika pindo la kitenge, akavipeleka nyumbani. Jioni hiyo na jioni zilizofuata aliwaonyesha majirani kwa mwanga wa kibatari. Mama Angélique aliangalia akiwa kitandani, amegeukia ukuta nusu. Siku ya tatu aliomba kushika haragi mwenyewe.

Dimanche ilifika na mawingu. Mchana kutwa mbingu ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa, na upande wa ziwa kulikuwa na radi. Nilisali kanisani kwa ajili ya jambo ambalo sikuwahi kulisalia, yaani upepo. Hata hivyo watu walikuja. Walitoka Bigo, walitoka kambini, walitoka kwa wafugaji, wakajaa kingo zote mbili za mto, kila upande ukiangalia wa pili. Kapteni Mbuyi alisimama kwenye magogo akivusha wazee kwa mkono. Mama Angélique alikuja akiwa amemshika Dorothée, kitunguu kiko mkononi mwake.

Giza liliingia. Mwezi haukuonekana. Saa moja ilifika, watu wakaanza kunong'ona, wengine wakakunja mikeka. Hubert alikuwa amelowa jasho. Kisha upepo ukaja kutoka bondeni, baridi, na juu ya vilima vya mashariki wingu likapasuka kama kitambaa kinavyochanika kwenye mshono.

Mwezi ulikuwa pale, na ulikuwa umekwisha kuliwa. Kilichobaki ni kipande cha pembeni, cheupe kikali, na kile kilichomezwa kilikuwa na rangi ya kutu. Ukingo wa kivuli ulikuwa wa mviringo. Niliuona mviringo huo, na nikaelewa, si kwa kichwa tu, kwamba ninaliona umbo la kitu ninachokanyaga.

Kipande cheupe kilipungua kikawa ukingo, kikawa uzi, kikawa punje, kikazimika. Mwezi ukabaki umening'inia mwekundu mzima, wa duara kama tunda, si bapa tena. Na giza lilipofunga, nyota zikatoka. Zilitoka zote pamoja, juu ya mji, juu ya mto, juu ya kambi. Ule mkondo mweupe wa nyota ukanyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na vyura wakanyamaza. Mimi nilikuwa mtu wa klabu, nilikuwa nimeambiwa kila kitu mapema, na hata hivyo nywele zilinisimama.

Mtoto fulani ng'ambo alianza kulia, mama yake akamwimbia kwa sauti ya chini. Kutoka ukingo wa pili mwanamke mwingine akaupokea wimbo ule ule wa kanisa, kwa lugha yake. Waliimba ubeti mmoja, wakaacha.

Hubert alizungumza bila kupaza sauti. Alisema ule wekundu si damu. Alisema kwamba kando ya dunia, pote kwa mzunguko, kuna watu ambao jua linawazamia sasa hivi na wengine linawachomozea, na mwanga wa machweo na mapambazuko yote hayo unapinda, unapita, unaangukia mwezi. "Ile rangi munaona," akasema, "ni jioni ya watu wote na asubuhi ya watu wote, mara moja."

Dorothée alikuwa amesimama juu ya jiwe, nje ya nyumba, kichwa wazi. Machozi yalikuwa yanashuka, naye hakuyafuta.

"Kama hii kivuli ingepita ile siku," akasema, "Christian angefika juu ya kilima."

Mama Angélique alisikia. Hubert pia alisikia. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, mkono juu ya bomba la darubini. Miaka yote aliyokuwa akija kisiwani hawakuwahi kuzungumza habari za vita, hata kidogo. Walizungumza juu ya vitunguu, mabati na madoa ya jua.

"Pole, mama," Hubert akasema. Halafu akasema tena, kwa Kiswahili cha nyumbani, "Pole kwa muzee Christian. Na siye tuliacha watu mu ile njia."

Dorothée alimtazama. "Ulimuacha nani?"

"Muloko, mudogo wangu. Dominique."

Dorothée akainamisha kichwa mara moja, kama mtu anayepokea mzigo mgongoni. Wakabaki wamesimama, wote wawili wakiangalia juu, na mama Angélique katikati yao.

Mwanga uliporudi, ulirudi kwa ncha moja, upande wa chini, kama mtu aliyefungua mlango kidogo. Watu walivuta pumzi. Mto ukaanza kuwa mweupe tena, kisha majani ya lengalenga, kisha nyuso zetu. Niliogopa kwa ajili ya Dorothée, maana sasa ulikuwa unakuja mwezi mzima, ule ule. Nilimwambia nitamsindikiza nyumbani kama anataka.

"Hapana," akasema. "Acha imalize."

Wakati tunangoja, Hubert aligeuza darubini kubwa kwenye nyota moja ya rangi ya siagi iliyokuwa chini kidogo ya mwezi, akamwinua mama Angélique juu ya ngazi. Bibi yule aliangalia mpaka foleni ikaanza kukohoa.

"Imechomwa sindano," akasema.

Ilikuwa Zohali. Hubert akaeleza kwamba sindano ile ni pete zake, ambazo mwaka huu zimelala ubavu mbele yetu, hazionekani upana. Zitafunguka kidogo kidogo. Baada ya miaka saba hivi zitakuwa zimefunguka kabisa, na hakuna kitu mbinguni kizuri kama hicho.

Dorothée alipanda naye akaangalia. Aliposhuka aliuliza, "Miaka saba, itakuwa bado hapa? Hii nyumba?"

"Ikiwa mwenye jiwe anakubali," Rachidi akasema.

"Nakubali," akajibu.

Kapteni Mbuyi alihamishwa kabla ya Noeli. Vita navyo havijaisha. Kuna wiki ambazo barabara ya Gety inafungwa na kambi inajaa watu wapya, na kuna jioni ambazo hatuvuki kabisa. Lakini tunapovuka, watu wa kingo mbili zile wanakuja, na Dorothée ndiye anayesukuma paa, kwa sababu anasema sisi tunalisukuma kama tunafukuza mwizi. Kitambaa cha jua kimechakaa, nimemshonea kingine.

Mwanzoni mwa mvua hizi alifika na mche wa avokado katika mkebe wa nyanya, akataka kuupanda karibu na jiwe, upande wa mashariki. Hubert alishtuka.

"Mama, hapa mwezi inatokea. Muti ikikomaa itatuziba."

"Basi huku."

"Huku ni magharibi. Papa Rachidi anatafuta mwandamo wake huku."

"Kaskazini?"

"Kaskazini, mama, iko na nyota za Dubu Mkubwa, iko chini chini, tukiipoteza—"

"Profesa," Dorothée akamkatiza, "mbingu yako haina hata fasi ya muti moja?"

Walizunguka kisiwa wakibishana, yeye na mkebe wake, Hubert na mkono wake uliokuwa ukipima mbingu kwa vidole, mpaka wakafika kwenye ncha ya kusini, mahali ambapo kilima kinafunika nyota za chini hata hivyo. Hubert alichuchumaa, akaangalia, akakubali. Dorothée alichimba shimo. Nami nikateremka mtoni kuchota maji.